Kijumbe Hasemi "Mimi Nakusanya Tu": Barua ya Wazi kwa Wenye Televisheni Zinazouza Bidhaa

Ndugu wakurugenzi wa vituo vya televisheni, ndugu watangazaji wa vipindi vya mauzo, nanyi wafanyabiashara mnaokodi muda wa kutuonesha bidhaa zenu, nawaandikia kutoka Mbagala Charambe.

Kilichonikalisha kuandika ni blenda. Si yangu, ni ya mama yangu mdogo. Ana miaka sitini na mbili, anauza juisi ya ubuyu na ukwaju kibarazani kwake, na wateja wake wakubwa ni wanafunzi wa shule iliyo nyuma ya ukuta. Alipofiwa na mumewe alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na kwa muda wote huo hakukanyaga sokoni. Ndugu walikuja wakaondoka, majirani wakaja wakaondoka, televisheni ikabaki. Kipindi cha mauzo kilikuwa kinaanza saa nane mchana, wakati nyumba imepoa na watoto hawajarudi. Humo ndimo alimoiona blenda ikisaga barafu, ikisaga karanga, ikisaga nazi iliyokatwakatwa mpaka ikawa kama maziwa. Aliyeishika ni mtangazaji ambaye mama mdogo amemsikiliza miaka mingi. Humwita "mwanangu yule". Akaamua kwamba eda ikiisha atarudi kwenye juisi zake na mashine ya maana.

Alipiga namba iliyoandikwa chini ya kioo. Kijana mwenye sauti ya upole akamwambia atume shilingi 85,000 na ya kutolea. Akatuma. Mzigo ulifika siku ya tisa. Aliyeuleta hakuzima pikipiki, akadai elfu saba ya usafiri ambayo kipindi hakikuitaja hata mara moja, akaondoka. Boksi lilikuwa na picha ya blenda ileile ya kwenye televisheni. Ndani mlikuwa na nyingine: jagi la plastiki badala ya kioo, plagi ya pini mbili ambayo haiingii kwenye soketi za nyumba zetu. Mjukuu akakimbia dukani kununua adapta. Siku ya tatu, nazi ya kwanza ilipoingia, moshi ukatoka chini ya jagi na chumba kikanuka waya ulioungua.

Namba ile iliita siku mbili bila kupokelewa, kisha ikawa haipatikani kabisa. Nikapanda daladala hadi ofisi za kituo. Walinipokea vizuri, wakanipa kiti na maji ya kunywa, na dada mmoja mwenye adabu zake akaniambia: "Kaka yangu, sisi tunauza muda tu. Mwenye bidhaa ni mwingine." Kituo sikitaji wala mfanyabiashara simtaji, maana sikuja kumshitaki mtu. Nimekuja na jibu lile, kwa sababu nimetembea nalo kichwani tangu siku hiyo.

Niwaeleze mama mdogo ni nani mtaani kwetu. Ni kijumbe. Kwa zaidi ya miaka ishirini ameshika mchezo wa wanawake kumi na wawili: kila wiki kila mmoja anatoa, na kila wiki mmoja anapokea chungu chote. Wapo waliojenga msingi wa nyumba kwa mchezo ule, na wapo waliosomesha. Sasa ilitokea mwaka mmoja mama mmoja akapokea zamu yake mapema, akahama usiku na vitu vyake, ikasemekana yuko Vikindu. Zamu tisa zilikuwa hazijafika. Mama mdogo alijaza pengo lile kwa hela ya juisi, wiki baada ya wiki, mpaka wa mwisho akapokea chake kamili. Hakuna aliyemtuma. Pia hakuna aliyetegemea kumsikia akisema, "Jamani, mimi nakusanya tu." Wale wanawake hawakuwa wamempa hela yule aliyekimbia. Walimpa mama mdogo.

Ndivyo ilivyo kwenu pia. Mama mdogo hakumjua mwenye blenda. Hakujua jina lake wala duka lake. Hela yake aliituma kwa kituo anachokiamini na kwa mtangazaji anayemwita mwanawe, hata kama namba ya muamala ilisoma jina la mtu mwingine. Ninyi ndio vijumbe wa biashara hii, na ombi langu kubwa katika barua hii ni kwamba mkubali kuwa vijumbe.

Imani hiyo hamkuijenga peke yenu, mmeirithi. Wazazi wetu walizoea kwamba jambo likitangazwa redioni limepita mikononi mwa watu wazima. Redio Tanzania ilisoma matangazo ya bidhaa na ya vifo kwa sauti ileile ya heshima, na msikilizaji hakutenganisha. Televisheni binafsi zilipoanza Tanzania Bara mwaka 1994 zilikuta imani hiyo imeshalimwa. Halafu usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam, na watu wa Mbagala, Tandika, Buza, Tegeta na Bunju wakachanga hela ya king'amuzi ili waendelee kuwaona. Dirisha mnaloingilia nyumbani kwetu tumelilipia wenyewe.

Kuna jambo katika historia ya biashara hii ambalo huwa silichoki. Inasimuliwa kwamba mwaka 1977 huko Clearwater, jimbo la Florida, Marekani, kituo kidogo cha redio kilikuwa kinamdai mtu aliyetangaza akashindwa kulipa. Akalipa kwa alichokuwa nacho: vifungulia makopo vya umeme, 112. Mtangazaji Bob Circosta akaviuza hewani kwa dola 9.95 kimoja, vikaisha vyote. Kutoka hapo ikazaliwa biashara iliyokuja kuitwa Home Shopping Network. Tazameni jambo hili kwa makini. Siku ile ya kwanza kituo hakikuuza muda. Bidhaa zilikuwa zake, zimekaa ofisini kwake, na msikilizaji aliyepata kibovu alijua aende mlango gani. QVC, iliyoanza mwaka 1986, ilijengwa juu ya ahadi kwamba mteja asiporidhika anarudisha bidhaa ndani ya siku 30 na kupewa hela yake. Wale si malaika, ni wafanyabiashara. Waliona tu kwamba mtu anayenunua kitu asichoweza kukigusa lazima apewe nafasi ya kubadili mawazo baada ya kukigusa.

Kariakoo nafasi hiyo ipo kabla ya kulipa. Unageuza sufuria, unagonga kitako, unasikiliza mlio. Fundi wa duka anachomeka pasi unaona taa inawaka. Ukishalipa, risiti ina maandishi chini kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, na kwa kuwa umeshagonga na umeshasikiliza, unakubali. Ninyi mmechukua sheria ya Kariakoo ya kutorudisha mkaacha nyuma haki ya Kariakoo ya kugonga. Mteja amebaki na mbuzi kwenye gunia, na gunia limefungwa kwa nje.

Na si kwamba nchi haina sheria. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji ajitambulishe kwa jina na anwani, aeleze bidhaa na bei yake kamili, na inampa mnunuzi siku saba za kusitisha ununuzi baada ya kupokea mzigo, akibeba gharama ya kuurudisha tu. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Asije mwanasheria wenu akaniambia kwamba mama mdogo alipiga simu ya kawaida na simu ya kawaida si muamala wa kielektroniki. Hela ilipita kwenye simu, na ujumbe wa "Imethibitishwa" upo. Ninachouliza ni hiki: kwa nini hizo siku saba hazisomwi hewani? Mnayo nafasi ya kurudia namba ya simu mara thelathini katika nusu saa. Sentensi moja kuhusu haki ya kurudisha ingechukua sekunde nne.

Nakuja kwenye mlango, yaani namna mzigo unavyomfikia mteja.

Mnasema "tunakuletea popote ulipo, Dar nzima". Dar ya kwenye kioo na Dar ya mwenye pikipiki ni miji miwili. Muulizeni mtu wa Mabwepande, huko zilikopelekwa familia nyingi za bonde la Msimbazi baada ya mafuriko ya Desemba 2011. Mzigo wake unaishia Tegeta, anapigiwa simu aufuate. Muulizeni mtu wa Toangoma au wa Chamazi ndani ndani, kule ambako barabara inapotea baada ya mvua moja. Anaambiwa aongeze hela. Nalielewa tatizo la msafirishaji, kwa sababu hata mimi namwelekeza mgeni kwa kusema "ukifika kwenye mwembe piga simu". Lakini mwaka 2022, kabla ya Sensa ya tarehe 23 Agosti, nchi nzima ilipita katika operesheni ya anwani za makazi. Mitaa ikapewa majina, nguzo zikasimikwa, nyumba zikabandikwa namba. Postikodi za Kinondoni zinaanza na 14, zetu za Temeke zinaanza na 15. Kibao kipo juu ya mlango wa mama mdogo, kinang'aa, na mpaka leo hakuna muuzaji wa televisheni aliyewahi kumuuliza kinasomekaje. Kijana wa simu alimuuliza, "Uko Mbagala ipi, mama? Karibu na nini?" Angeuliza namba ya nyumba, na gharama ya kufika pale ingejulikana kabla hela haijatumwa, ikatajwa pamoja na bei, jumla moja.

Hata anwani ikiwepo, pikipiki peke yake haitoshi. Nawaomba mpange fremu. Moja Rangi Tatu, moja Tegeta Kibaoni, nyingine baadaye mtakapoona inalipa. Si duka kubwa. Fremu moja ya kawaida yenye meza, soketi tatu, na bidhaa za wiki hiyo zimewekwa nje ya maboksi. Mtu aliyeona kipindi jana anakuja leo anagonga kitako. Aliyeagiza anachukulia pale na kukijaribu kabla ya kulipa. Aliyepata kibovu anakirudisha palepale, kwa nauli ya daladala, siyo kwa kutafuta jengo la Kariakoo ambalo mlinzi wake hajawahi kusikia jina la kampuni. Kama kodi ya fremu ni mzigo, wapo mawakala wa fedha za simu kila kona ya uswahilini, watu wanaoaminiwa na hela za mtaa mzima. Wengi wangepokea kamisheni ndogo kwa kutunza boksi na kulikabidhi mbele ya macho ya mteja. Mimi nina hakika fremu ya Rangi Tatu ingewaletea wateja ambao kipindi hakijawahi kuwapata: wale wanaotazama kila siku, wanatamani, na hawapigi simu kwa sababu jirani yao aliliwa hela yake.

Malipo nayo yafuate mlango huohuo. Wauzaji wengine wa mjini wameshazoea "lipia ukipokea mzigo", na mteja anakuwa na amani. Kama mnaogopa mtu ataagiza kisha akakimbia, chukueni kianzio kidogo. Lakini hela yote, na ya kutolea juu yake, kwenda kwa namba ya mtu binafsi, hapana. Ilipwe kwa Lipa Namba yenye jina la biashara, na risiti ya mashine ya kodi itoke. Risiti ndiyo karatasi ambayo mtu wa Charambe anaweza kuipeleka Tume ya Ushindani akasikilizwa.

Sasa kuhusu maneno ya ndani ya kipindi, kwani hapo mngeweza kutusaidia sana bila gharama yoyote.

Mtangazaji anasema birika "linachemsha haraka". Sawa. Mama wa Yombo anataka kujua litamlia uniti ngapi. Wateja wadogo wa TANESCO, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, hununua umeme kwa bei nafuu, na wakivuka hapo bei ya uniti inaruka sana. Birika la wati 2,000 likiwaka nusu saa limekula uniti moja. Kaya inayoishi kwa kuhesabu, birika hilo linaweza kuisukuma nje ya bei yake bila mtu kujua kilichotokea, na lawama ikaenda kwa LUKU. Kwa upande mwingine, jiko la presha la umeme la wati 1,000, hata likiwaka saa nzima bila kupumzika, haliwezi kuzidi uniti moja, na maharage yanaiva kabla ya hapo. Serikali imezindua mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, inataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi. Mpikieni mama maharage hewani, mita ya LUKU ikionekana pembeni, kabla na baada. Mtafanya kazi ambayo semina nyingi hazijaifanya, na mtauza majiko.

Vivyo hivyo sufuria: semeni lita, msiseme "kubwa kabisa". Godoro: semeni futi na inchi. Plagi: ibadilisheni kabla haijatoka ghala, na kama bidhaa haijakaguliwa na TBS isipande hewani kabisa. Maelekezo yaliyomo ndani ya boksi yawe ya Kiswahili. Ukurasa mmoja unatosha. Na ile saa inayohesabu kurudi nyuma, "ofa inaisha leo, zimebaki kumi tu", kisha kesho zimebaki kumi tena, nawaomba muiondoe. Mama mdogo aliharakisha kwa sababu yake. Alikopa elfu ishirini kwa jirani ili awahi.

Naandika haya yote kwa sababu naitaka biashara hii ibaki. Wapo wanaosema dawa ni kwenda Kariakoo au kununua mtandaoni. Kununua mtandaoni kunataka simu kubwa, bando na macho ya kusoma maandishi madogo. Hata kampuni kama Jumia, pamoja na nguvu zake, ilifunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019. Na Kariakoo inataka miguu. Fikirini mnaoweza kuwahudumia ninyi peke yenu. Mjane aliye ndani ya eda. Mzazi ambaye hajatimiza arobaini na mtoto bado mchanga mgongoni. Mzee aliyepooza upande mmoja, anayejua bei za dunia nzima kwa kutazama, na hajashika noti ya kununulia kitu chake mwenyewe tangu augue. Mtu wa kiti cha magurudumu ambaye daladala za Rangi Tatu hazimsubiri. Kwa hao televisheni ndiyo soko, na wakinunua kupitia kwenu wanapata kitu zaidi ya bidhaa: wamechagua wenyewe, hawakumtuma mtu akawachagulie. Mama mdogo alipoagiza ile blenda alinipigia simu kunieleza, na ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba nimsikie akizungumzia mwezi ujao.

Ndiyo maana jibu la "tunauza muda tu" liliniuma. Muda mnaouza ni ule mama mdogo aliokuwa amekaa mbele ya kioo.

Ninachoomba kifanyike kwanza, kabla ya fremu na kabla ya yote, ni kifupi. Kila kituo kimteue mtu mmoja, jina lake na namba yake ya ofisi vioneshwe mwisho wa kila kipindi cha mauzo, ambaye kazi yake ni kupokea mteja aliyeuziwa kibovu. Na mkataba wenu na mfanyabiashara ushike sehemu ya fedha zake mpaka siku saba za wateja wake ziishe, ili akitoroka kuwe na cha kujazia pengo. Mama mdogo alijaza lake kwa hela ya ubuyu, glasi moja moja. Ninyi mnayo njia nyepesi zaidi.

Blenda bado ipo, ndani ya boksi lake, chini ya kitanda. Risiti haipo, kwa sababu haikutolewa. Ujumbe wa muamala upo kwenye simu yake ndogo ya vitufe. Kumbukumbu ya simu ile hujaa kila mara, na kila ikijaa huniita nimfutie jumbe za zamani, akinionya nisiuguse ule mmoja. Atakayeteuliwa akitaka kuuona, nyumba ina namba, na kibao kipo juu ya mlango.

Wasalaam,
Mtazamaji wenu,
Mbagala Charambe, Temeke